Jiji Dogo, Bustani Zake na Maana ya Usalama

Mwanafunzi wa isimu akisikia maneno "jiji dogo" ana haki ya kutabasamu. Mzizi mmoja wa -ji umetuzalia maneno matatu: mji, ambao ni makao ya watu ya kadiri, kijiji, ambacho ni mji uliopunguzwa, na jiji, ambalo ni mji uliokuzwa. Kusema "jiji dogo" basi ni kukuza na kupunguza kwa pumzi moja. Hata hivyo, lugha haikosei kila inapojipinga, na hapa nchini Kenya tunayo majiji yaliyokuzwa kwa hati na hotuba kabla hayajakuzwa kwa mifereji, taa na mabomba ya maji. Kisumu ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2001, karne moja baada ya reli ya kutoka Mombasa kufika ukingoni mwa Ziwa Victoria. Nakuru ilipokea hati yake Desemba 2021, na Eldoret ikafuata Agosti 2024. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliipa Nakuru wakazi 570,674, Eldoret 475,716 na Kisumu 397,957, ilhali Nairobi ilikuwa na 4,397,073. Hayo ndiyo majiji yetu madogo, na ndimo wanamoishi na kusomesha wengi wa wasomaji wa safu hii.

Katika makala haya nitaitaja Kisumu zaidi ya nyingine. Mbali na kuwa ndiyo ndogo kuliko zote, Mei 2022 mji huo ulikuwa mwenyeji wa mkutano wa tisa wa Africities, na mada ya mkutano huo ilihusu kazi ya majiji ya kadiri barani Afrika. Wageni walikuja, mji ukapambwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 1 Juni 2021, sherehe za Madaraka zilikuwa zimefanyiwa huko huko, na mji ulikuwa umepambwa vilevile. Sina ugomvi na kupamba mji. Swali ninalotaka kuliuliza ni hili: wageni wakishaondoka, bustani inabaki kuwa ya nani, na ni nani aliye salama ndani yake?

Tuanze na sheria, kwa maana waalimu na wanafunzi wetu huisoma Katiba darasani pasipo kuhimizwa kuitumia nje ya darasa. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limegawa kazi baina ya serikali kuu na kaunti. Polisi ni wa serikali kuu. Kaunti imepewa taa za barabarani, huduma za ambulensi, huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga, pamoja na bustani, fuo na sehemu za mapumziko. Inachekesha kidogo kuona kwamba bustani imewekwa katika fungu moja na kamari, mbio za farasi na leseni za pombe, kana kwamba kukaa chini ya mti ni namna nyingine ya starehe inayohitaji kuchungwa. Lakini tuyaache hayo. Muhimu ni kwamba gavana hawezi kumwamuru polisi hata mmoja, bali anaweza kuwasha taa, kununua gari la zimamoto, kuziba mtaro ulio wazi na kumwajiri mtunza bustani.

Halafu ipo Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011. Hapo awali sheria hiyo ilitaka mji uwe na watu 500,000 kabla ya kuitwa jiji. Mwaka 2019 Bunge likapunguza idadi hiyo hadi 250,000. Lakini idadi si sharti pekee. Sheria hiyo hiyo inataka jiji liwe na barabara, taa, masoko na vituo vya zimamoto, na liwe na uwezo wa kutosha wa kukabiliana na majanga. Ningemwomba kila mwalimu wa uraia aisome ibara hiyo na wanafunzi wake, kisha awatume waitafute ndani ya mji wao.

Sasa tuje kwenye ukarabati wenyewe wa kila mwaka. Kila mkazi wa mji wa Kenya anaujua mwendo wake kama ajuavyo mwendo wa mwezi. Kwanza huja mabati ya kuzunguka uwanja. Nyuma ya mabati husikika mashine. Baada ya miezi kadhaa, au miaka kadhaa, mabati huondolewa na tunaona lango jipya, njia za kabro, viti vya saruji, chemchemi ambayo hurusha maji siku ya ufunguzi, na jiwe lenye jina la kiongozi aliyelifunua. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukiingia baada ya mwaka mmoja unakuta chemchemi imekauka, kabro zimeng'oka penye mzizi wa mti, choo kimefungwa kwa kufuli, na mche uliopandwa na mheshimiwa umebaki kijiti kilichofungwa kwenye ua wake wa mianzi. Mwaka wa fedha unaofuata, uwanja ule ule unatengewa pesa nyingine za ukarabati.

Wengi hueleza jambo hili kwa neno moja, ufisadi, na pengine wana sababu. Lakini mimi naona hata mahali ambapo hakuna aliyeiba shilingi, mche huo ungekauka vilevile, kwa sababu utaratibu wenyewe wa bajeti unaukausha. Mwaka wa fedha wa serikali zetu huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Fedha za kaunti hutoka Hazina Kuu kwa vipande, na aghalabu hukawia. Zabuni hutangazwa, mkandarasi hupatikana, mkataba hutiwa saini, na ghafla ni Mei, na kila ofisi inahangaika kutumia kilichobaki kabla ya pazia kufungwa. Mvua za masika huanza Machi. Mkulima yeyote wa Nyando au Seme angekwambia kuwa mche hupandwa mwanzoni mwa mvua. Lakini mche wa serikali hupandwa mwishoni mwa mwaka wa fedha, masika yakiwa yamekwisha kuyoyoma. Kalenda ya mhasibu na kalenda ya mbingu hazijawahi kukutana katika kikao kimoja.

Jambo la pili ni la lugha, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Bajeti zetu zina mafungu mawili makubwa: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Nia ilikuwa njema kabisa, yaani kuzuia fedha zote zisiishie katika mishahara na marupurupu. Tazama hata hivyo kilichofanywa na maneno hayo mawili. Kujenga ukuta ni maendeleo. Kumwagilia nyasi ni matumizi. Kusimika nguzo ya taa ni maendeleo. Kubadilisha balbu iliyoungua ni matumizi. Kununua gari la zimamoto ni maendeleo; kulijaza mafuta na kumlipa mtu wa kuliendesha usiku wa manane ni matumizi. Neno "maendeleo" katika nchi hii lina utukufu wake tangu enzi za Mzee Kenyatta, na hakuna diwani atakayesimama jukwaani kuomba kura kwa sababu amebadilisha balbu. Basi tunaishi katika hali ya ajabu ambapo kila kitu kinajengwa na hakuna kinachotunzwa, na anayekitunza huhesabiwa kuwa mzigo.

Ningependekeza jambo dogo lisilohitaji kubadilisha sheria yoyote. Kila mradi wa bustani unaoingizwa katika fungu la maendeleo uambatane na ukurasa mmoja unaoeleza nani atamwagilia, maji yatatoka wapi, nani atasafisha choo, nani atabadilisha balbu, na fedha hizo zitatoka katika kifungu gani cha matumizi ya kawaida kwa miaka mitano ijayo. Mradi usio na ukurasa huo usipitishwe na bunge la kaunti. Najua kwamba kwa kufanya hivyo bustani chache zaidi zitakarabatiwa. Naam, na ziwe chache! Bustani moja yenye maji na mtunzaji ni bora kuliko tano zenye malango.

Neno bustani lenyewe lilitufikia kupitia Kiarabu kutoka Kiajemi, ambako maana yake ya asili ni mahali penye harufu nzuri. Sitaki kusema mengi kuhusu harufu ya baadhi ya bustani zetu. Nasema tu kwamba choo cha umma kilichofungwa ndicho chanzo chake, na kwamba mama mwenye mtoto mdogo huipima bustani kwa choo kabla ya kuipima kwa maua.

Tuje kwenye neno usalama. Kiingereza kina maneno mawili hapa, moja la kuepukana na ajali na madhara, na jingine la kulindwa dhidi ya adui. Kiswahili kimetosheka na moja, nami sioni kuwa huo ni upungufu. Usalama umetoka katika mzizi ule ule wa salama na salamu, na mtu akiuliza "watoto wamefika salama?" hamaanishi tu kwamba hawakuibiwa njiani; anamaanisha pia kwamba hawakugongwa na gari, hawakutumbukia mtaroni, hawakuumwa na mbwa. Ni neno pana na la huruma. Lakini katika vinywa vya wakuu neno hili limepunguzwa. Tunazo kamati za usalama, maafisa wa usalama, vyombo vya usalama, na katika zote hizo usalama una maana ya bunduki, rungu na pingu. Maana moja imeimeza nyingine. Matokeo yake ni kwamba serikali inapoahidi "kuimarisha usalama" bustanini, kinachokuja ni ua wa vyuma, lango linalofungwa saa kumi na mbili jioni, na askari wa kufukuza watu.

Askari hao, wanaojulikana mitaani kwa jina la "kanjo", wanastahili maneno mawili. Kanjo ni baraza la mji, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Mabaraza yenyewe yalikoma mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza kazi, lakini jina limeishi, na pamoja na jina umeishi mwenendo: kumkimbiza mama wa ndizi, kupindua toroli, kunyang'anya kapu. Tunapobadilisha taasisi na watu wakakataa kubadilisha jina lake, yafaa tujiulize kama walichokiona kimebadilika.

Mfano mwingine wa namna tunavyouelewa usalama ni taa. Katika miji mingi ya Kenya pamesimikwa nguzo ndefu zenye taa kali zinazoangaza mtaa mzima, na wananchi, ambao ni wataalamu wa kuunda maneno kuliko sisi wa vyuo vikuu, waliziita "mulika mwizi". Taa hizi zimesaidia wengi, hasa akina mama wauzao mboga jioni, na sitaki kuzibeza. Lakini jina lao linasema kweli yote. Taa ya juu sana imetengenezwa kwa ajili ya kumwona mwizi. Haikutengenezwa ili mpita njia aone shimo lililo mbele ya mguu wake. Chini ya miti ya bustani mwanga wake haufiki. Anayehitaji kumulikiwa si mwizi peke yake. Ni mwanafunzi atokaye maktaba saa moja usiku, ni muuguzi anayetoka zamu, ni mzee asiyeona vizuri. Hao huhitaji taa fupi, nyingi, za kufuata njia, na mtu wa kuzipitia kila juma akiandika ipi imezimika.

Tena bustani hulindwa na watu waliomo. Mwandishi Jane Jacobs, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu miji ya Marekani, alieleza kwamba amani ya barabara hutunzwa kwanza na macho ya watu wanaoishi na kufanya kazi pale, kabla ya polisi. Hatukuhitaji kusubiri Marekani ituambie. Kila aliyekulia katika kijiji au mtaa wa pwani wenye baraza mbele ya nyumba anajua. Muuza karanga, mpiga picha, fundi wa viatu na mama wa chai ndio walinzi wa bustani, nao hawalipwi na mtu. Tunapowaondoa ili bustani ipendeze, tunaiacha bila macho, kisha tunalazimika kuajiri askari wa kuilinda. Kwa Kisumu jambo hili lina kinaya cha pekee. Wasimulizi wengi hulihusisha jina la mji huo na neno la Kijaluo la kwenda kuhemea chakula, kwa kuwa hapo ndipo jamii jirani zilipokutana kubadilishana nafaka, samaki na mifugo. Mji uliozaliwa na wachuuzi umekuwa ukiwabomolea wachuuzi vibanda ili uonekane mji. Sidai kwamba kila kibanda kiachwe kilipo. Njia za miguu lazima zipitike, na gari la zimamoto lazima lipite. Nadai kwamba mchoro wa bustani uwe na mahali pa wachuuzi tangu mwanzo, penye maji na kivuli, pasiwe pa kubomolewa baadaye.

Yapo mambo mabaya zaidi ya bustani iliyokauka, nayo ni bustani iliyoyeyuka. Katika Kiswahili uwanja ni mahali peupe pa wote: pa kuchezea, pa kukutania, pa kuanikia. Kiwanja ni kipande cha kujengea, na mjini tunakiita ploti. Umbali kati ya uwanja na ploti ni silabi chache tu, lakini historia yetu imejaa watu waliouvuka umbali huo usiku. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai aliongoza upinzani dhidi ya jengo la orofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park, akatukanwa hadharani, na jengo halikujengwa. Mwaka 1991 ilikuwa zamu ya Jeevanjee Gardens, bustani ambayo tajiri A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa Nairobi mwaka 1906. Palitakiwa pawe maegesho ya magari, na mjukuu wake Zarina Patel akawa mbele katika kuitetea. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma, zikiwamo nafasi wazi za mijini, ilivyogawanywa kama mali ya arusi. Na Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walipoandamana dhidi ya ukuta uliojengwa katika uwanja wao wa michezo, walirushiwa vitoa machozi. Watoto wa shule, wakiwa na sare, katika uwanja wao wenyewe. Waliowarushia walikuwa maafisa wa usalama. Sijui mfano wa kuonyesha kwa uwazi zaidi jinsi neno hilo lilivyopinduliwa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kudai kabro mpya, mkazi wa jiji dogo angedai kwanza kujua kama bustani yake ina hatimiliki, imepimwa, na mipaka yake imewekwa wazi. Karatasi hiyo haipendezi machoni kama chemchemi, na haina lango la kukatiwa utepe, lakini bila hiyo kila ukarabati ni kumrembea mnyakuzi ardhi yake.

Nimeahidi kusema juu ya zimamoto. Hili ni neno zuri, kitenzi na nomino vimeshikana mikono, na kila mtoto anaelewa kazi yake kabla hajaelezwa. Lakini katika miji yetu kitenzi hicho kimekuwa kigumu kutendeka. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Barabara hiyo hiyo ndiyo inayopeleka malori magharibi na mpaka wa Uganda. Kisumu ina bohari ya mafuta ya Kampuni ya Bomba la Mafuta, na malori huijaza barabara zake mchana na usiku. Mji wa namna hiyo hauwezi kuhesabu gari la zimamoto kuwa pambo la gwaride. Unahitaji vituo zaidi ya kimoja, kwa kuwa moto wa Nyalenda hausubiri msongamano wa katikati ya mji upungue. Unahitaji mabomba ya maji kando ya barabara ambapo gari litajazwa, kwa kuwa tangi la gari huisha haraka. Unahitaji vichochoro vya Manyatta na Obunga viwe na njia ambayo gari linaweza kupita. Na unahitaji watu waliofunzwa, wenye sare zisizoshika moto na mishahara inayofika kwa wakati. Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba zaidi ya nusu yake imo katika fungu lile la matumizi ya kawaida ambalo hakuna anayelipenda.

Hapa ndipo bustani na zimamoto vinapokutana, jambo ambalo wapangaji wetu hulisahau. Soko likiungua, jengo likiporomoka, mafuriko yakiingia mitaani, watu hukimbilia wapi? Hukimbilia uwanja ulio wazi. Bustani ya mji ni mahali pa kunusurika kabla ya kuwa mahali pa kupumzika. Gari la ambulensi linahitaji pa kusimama, majeruhi wanahitaji pa kulazwa, waliopotezana wanahitaji pa kukutania. Bustani yenye lango moja lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo ukiwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda nyumbani, haimfai yeyote usiku wa moto.

Waalimu wanalijua jambo hili kwa uchungu kuliko watu wengine. Machi 2001 zaidi ya wanafunzi 60 waliteketea bwenini katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni unaotaka milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Septemba 2024, katika shule ya Hillside Endarasha huko Nyeri, wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni. Vyuma vya dirishani viliwekwa kwa jina la usalama, ili mwizi asiingie. Ndivyo pia vilivyozuia mtoto asitoke. Ua wa bustani na vyuma vya bweni ni fikira moja katika sehemu mbili. Anayetaka kuiona tofauti baina ya maana mbili za usalama na asimame mbele ya dirisha la aina hiyo.

Limebaki suala la lugha ya taarifa, na nitalipitia upesi kwa kuwa nimelisema mara nyingi mahali pengine. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ingia hata hivyo katika bustani nyingi za miji yetu usome vibao: makatazo yote yameandikwa kwa Kiingereza, na ni makatazo matupu. Usikanyage nyasi, usilale kwenye kiti, usiuze. Kibao cha kueleza mtu apige simu gani akiona moto au akimkuta mtu amezirai ni nadra, ingawa nambari 999 na 112 ni fupi na zingetosha ubao mdogo. Makadirio ya bajeti nayo huchapishwa kwa Kiingereza cha kihasibu, kurasa mamia, kisha mwananchi hualikwa ukumbini kutoa maoni juu ya kitu ambacho hakukisoma. Huko ni kumwita mtu karamuni na kumfunga mdomo. Muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili, na katika Kisumu kwa Kijaluo pia, haungeifilisi kaunti yoyote.

Wanafunzi wana nafasi yao katika hili, nami nawaambia waalimu wenzangu wa Kiswahili wa sekondari kwamba hapa kuna somo la insha la juma zima. Badala ya kuwapa watoto mada ya "Umuhimu wa mazingira" kwa mara ya mia, wapelekeni mchana katika bustani iliyo karibu, wakiwa na daftari. Wahesabu taa zilizopo na zilizovunjika. Waangalie kama mfereji una maji, kama choo kimefunguliwa, kama malango ni mangapi na yanafunguka upande gani. Wamuulize mtunza bustani, akiwapo, ana vifaa gani. Waulize kituo cha zimamoto kiko wapi na gari likitoka huko linapita njia ipi. Kisha waandike ripoti, si insha ya kusifu, yenye tarehe, idadi na majina ya mahali.

Ripoti hiyo iandikwe kabla ya Mei. Makadirio ya bajeti hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na bajeti yatakiwa kupitishwa kufikia tarehe 30 Juni. Katika majuma yaliyo kati ya siku hizo mbili kamati ya bajeti hulazimika kuwasikiliza wananchi. Nakala moja ipelekwe kwa karani wa bunge la kaunti, nyingine kwa meneja wa jiji, na shule ibaki na ya tatu yenye mhuri wa kupokelewa, ili darasa la mwaka ujao lirudi katika bustani ile ile na kuhesabu tena.